Gari la Moshi na Macho ya Mwenyeji: Uhakiki wa Picha za Reli ya Tabora

Picha za reli ya Afrika ya Mashariki si haba. Zimo katika nyaraka za serikali, katika vitabu vya wasafiri, katika makumbusho, na katika masanduku ya wazee waliofanya kazi ya reli. Walakini mtu akizitandaza picha hizo mezani na kuziuliza swali moja dogo, yaani mpigaji alisimama wapi na alikaa hapo kwa muda gani, nyingi katika hizo hutoa jibu moja: alikuwa anapita. Alishuka, akapiga, akapanda tena. Tabora, mji uliokuzwa na msafara kisha ukalelewa na reli, umepigwa picha kwa namna hiyo kwa zaidi ya miaka mia. Yafaa kuuliza kama burudani ya kulitazama gari la moshi karibu na nyumbani, na kulipiga picha mara kwa mara mahali pale pale, inaweza kutoa kitu ambacho picha za wapitaji hazikukitoa. Na kama inaweza, kitu hicho kipimwe kwa kipimo gani.

Burudani yenyewe hudharauliwa. Katika Uingereza, ambako ilishika mizizi, mtu asimamaye mwisho wa sakafu ya stesheni na daftari mkononi amekuwa kichekesho cha magazeti. Asili ya daftari lile yajulikana. Mwaka 1942 kijana mmoja aitwaye Ian Allan, karani katika kampuni ya reli ya Southern, alichapisha kijitabu cha namba za injini za kampuni hiyo, maana barua za watu waliouliza habari za injini zilikuwa zikimfikia kila siku na kumchosha. Kijitabu kikanunuliwa upesi, vikafuata vingine, na kizazi kizima cha watoto kikajifunza kupiga mstari chini ya kila namba kiliyoiona kwa macho. Wapo waliosema kwamba huu ni ugonjwa wa kuhesabu usio na tunda. Shutuma hiyo ina ukweli wake katika Uingereza, kwa kuwa huko daftari lilianza baada ya nchi kwisha kuandikwa na kupigwa picha kila pembe. Kwa Tabora shutuma hiyo haifiki. Mahali ambapo kumbukumbu ni chache, namba na tarehe haziwi upuuzi.

Wala kuhesabu si jambo geni katika nathari ya Kiswahili. Msomaji wa maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, hukutana na frasila za pembe, idadi ya bunduki, idadi ya watu na idadi ya siku karibu katika kila ukurasa. Baba yake alikuwa na makao Unyanyembe, na njia ya Tabora aliijua kama mtu ajuavyo ua wa nyumba yake. Habari zake zilichapishwa kwanza Ujerumani mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwishoni mwa miaka ya 1950 Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki ikazitoa tena pamoja na tafsiri ya Whiteley. Msomaji aliyezoea riwaya huchoshwa na hesabu zile, huziruka, hutafuta vita na hila. Kuruka huko ni kosa la usomaji. Hesabu ndiyo maarifa ya mwandishi yule. Kwa hesabu alijua nani ana nguvu na nani amefilisika, na mtu asiyezisoma frasila zake hajui ni kwa sababu gani vita vilipiganwa. Mwandishi huyo alifariki Unguja mwezi wa Juni, mwaka 1905. Miezi michache kabla yake, mwezi wa Februari mwaka ule ule, ujenzi wa Reli ya Kati ulikuwa umeanza Dar es Salaam.

Kabla ya hapo, mwaka 1901, Carl Velten alikuwa amechapisha mkusanyo wa safari za Waswahili. Ndani yake mna safari ya Selemani bin Mwenye Chande katika bara, na mna safari ya Salim bin Abakari, mtu wa Ngazija, aliyekwenda Urusi na Siberia mwaka 1896 akifuatana na bwana wake Mjerumani. Miongoni mwa vyombo vilivyomchukua Salim ni gari la moshi. Kwa hiyo nathari ya Kiswahili ilipanda gari la moshi katika nchi ya theluji miaka kumi na sita kabla reli haijafika Tabora. Jambo hilo husahauliwa na wale wanaofikiri kwamba reli iliingia katika fikira za Waswahili kama kioja kisichokuwa na maneno ya kukieleza. Maneno yalikuwapo. Lililokosekana ni maneno ya mtu aliyekaa. Selemani alisafiri, Salim alisafiri, Tippu Tip alisafiri. Mwenye nyumba pale Unyanyembe, aliyewaona wote wakija na kuondoka, hakuandika.

Na hapana shaka alikuwa na mengi ya kuandika. Kuwasili kwa msafara kulikuwa tamasha kabla reli haijafikiriwa. Kirangozi alitangulia na bendera. Ngoma ilipigwa, baragumu likalia, baruti ikalipuliwa hewani ili watu wajue nani anakuja na ana utajiri gani. Wapagazi waliokuwa wamechakaa njiani walivaa nguo zao njema siku ya kuingia mjini. Burton na Speke waliingia Kazeh mwezi wa Novemba, mwaka 1857, baada ya siku 134 kutoka pwani. Stanley aliingia mwezi wa Juni, mwaka 1871, vita vya Mirambo vikiwa karibu kuwaka. Wageni hawa waliandika jinsi walivyotazamwa, na kila mmoja akadhani ametazamwa kwa sababu ya ngeni yake. Yamkini alikuwa msafara mmoja tu katika misafara mingi ya msimu ule, akapimwa kwa macho yale yale: mizigo mingapi, watu wa wapi, wamepungua wangapi. Hayo yalikuwa macho ya mji wa njia panda, ulioishi kwa kujua nani amefika.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwezi wa Februari, mwaka 1914. Safari ya miezi ikawa safari ya siku mbili tatu. Bagamoyo, iliyokuwa mlango wa njia, iliachwa kando. Ujiji, iliyokuwa mwisho wake, iliachwa maili chache na gati la Kigoma. Tabora peke yake kati ya vituo vikuu vya zamani ilibaki katikati, na mwaka 1928 reli ya Mwanza ilipokamilika ikawa njia panda mara ya pili. Wanyamwezi waliokuwa wapagazi wakawa sehemu kubwa ya vibarua walioitandika reli, yaani walijenga kwa mikono yao kitu kilichoiondoa kazi ya mabega yao. Mambo haya yote yalitokea katika zama za kamera. Tazama basi kamera ilifanya nini nayo.

Picha za kwanza ni za ujenzi na utawala. Mpigaji ajulikanaye kupita wengine ni Walther Dobbertin, aliyekuwa na kazi ya picha katika koloni la Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza na wakati wa vita vyenyewe, na ambaye picha zake zimehifadhiwa katika nyaraka za taifa za Ujerumani. Ufundi wa wapiga picha wa wakati ule haustahili kubezwa. Kamera ilikuwa nzito, ilihitaji miguu ya kuisimamishia, na mtu aliyetikisika aliharibu kazi. Walakini picha zao ni kali kiasi cha kuhesabika misumari ya daraja. Ila katika picha za ujenzi, kwa jumla, kuna desturi moja ambayo mhakiki hana budi kuitaja. Mtu mweusi amewekwa ndani yake awe kipimo. Anasimama chini ya nguzo ili ukubwa wa nguzo ujulikane. Anasimama kando ya kifusi ili kina cha mchimbo kionekane. Maandiko ya chini hutaja daraja, hutaja kampuni, pengine hutaja mhandisi, na aliyesimama hana jina. Uso wake umo, lakini kazi yake katika picha ni ile ya rula. Picha hizo zatufaa leo kwa sababu ambazo wapigaji hawakuzikusudia: mtu aweza kutazama nguo za vibarua, vyombo vyao, jinsi taruma la chuma linavyobebwa na watu wanne au sita, na kuona kwamba namna ile ya kuinua mzigo kwa pamoja ni ya njia ya msafara.

Mambo mengine makubwa yalipita bila kutazamwa na mwenyeji mwenye daftari. Meli ya Graf von Götzen, ambayo leo ni Liemba, iliundwa Papenburg katika Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, na kupelekwa Kigoma kwa reli hii. Kwa hiyo meli nzima ilipita Tabora juu ya nchi kavu, kilomita zaidi ya 800 kutoka baharini. Mtu wa kando ya reli aliyezoea kuhesabu mabehewa angaliona kwamba juma lile si kama juma lililopita. Historia zinatupa habari za kuundwa kwake, kuzinduliwa kwake mwaka 1915, kuzamishwa kwake na kuopolewa kwake. Habari za kupita kwake zimebaki masanduku tu.

Kundi la pili la picha ni la wapenzi wa mvuke. Hawa walikuja baada ya vita vya pili, na hasa katika miaka ya mwisho ya injini za mvuke, wakizifuata nchi kwa nchi kama wawindaji. Kwa upande wa maarifa, deni la historia ya reli kwao ni kubwa. Waliandika namba. Reli za Afrika ya Mashariki zilikuwa na utaratibu mzuri wa namba, ambao tarakimu mbili za kwanza zilitaja aina ya injini na mbili za mwisho zilitaja mfuatano wake. Hivyo 5918 ni injini ya kumi na nane ya aina ya 59. Utaratibu huo haukufa pamoja na mvuke, kwani injini za dizeli za Tanzania zenye namba zinazoanza kwa 73 au 88 husomwa kwa kanuni ile ile. Injini nyingi zilikuwa na majina pia. Aina ya 59, zile kubwa zilizoundwa Manchester, zenye uzito wa tani 250 hivi, zilipewa majina ya milima. Nyingine zilipewa majina ya makabila. Katika makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, zimesimama 5918 yenye jina la mlima Gelai na 5930 yenye jina la mlima Shengena, na karibu nazo 3020 yenye jina la Wanyaturu. Milima hiyo miwili iko Tanzania, na Wanyaturu ni watu wa Singida. Majina yao yanapata kutu Nairobi. Aliyetoa majina hayo alifikiri juu ya himaya moja, himaya ikavunjika, shirika la reli la pamoja nalo likavunjika mwaka 1977, na majina yakabaki upande yalipokuwa siku ile.

Lakini picha za wapenzi wa mvuke, zikitazamwa nyingi kwa pamoja, huchosha, na sababu ya kuchosha yaweza kuelezwa. Wana kanuni. Jua liwe nyuma ya bega la mpigaji. Injini ionekane uso na ubavu kwa pamoja. Magurudumu yote yaonekane. Moshi upande juu. Mtu asikatize mbele. Kanuni hiyo ni nzuri kwa mtu atakaye kujua injini ilivyoundwa. Kwa mtu atakaye kujua reli ni nini, kanuni hiyo ni mkasi. Imekata abiria, imekata wauza asali, imekata mtoto aliyebeba ndoo kwenda kuomba maji ya moto kwa dereva. Injini inabaki imesimama katika nchi isiyokuwa na nchi. Uiondoe Tabora uiweke Rhodesia ya zamani au India, picha haitabadilika ila namba. Na wapigaji wengi wa kundi hili waliwahesabu wenyeji kuwa ni kikwazo: mtu akitokea mbele ya kamera wakati wa kufyatua, picha imeharibika. Hapa mhakiki ana haki ya kuwa mkali. Picha iliyoharibika kwa sababu abiria ameonekana ni picha iliyokosea tangu mpigaji alipochagua mahali pa kusimama.

Kwamba si lazima iwe hivyo kulionyeshwa na mpigaji mmoja wa Marekani. Kati ya mwaka 1955 na 1960 O. Winston Link alipiga picha za injini za mwisho za mvuke katika reli ya Norfolk and Western, na alizipiga usiku, kwa taa nyingi za mwako alizozitega kwa saa nyingi kabla gari halijafika. Katika picha yake ipendwayo kupita zote, ya mwaka 1956, watu wamekaa ndani ya motokaa zao wakitazama sinema ya uwanjani, na gari la moshi linapita nyuma yao, hakuna anayeligeukia. Injini ni ndogo katika picha ile. Hata hivyo mtazamaji anajua reli ilikuwa nini kwa mji ule: ilikuwa kitu kilichozoeleka hata hakitazamwi. Link hakuwa mwenyeji wa vijiji vile. Alitoka New York. Alichofanya ni kurudi, na kurudi tena, hata akazijua ratiba na majina ya watu. Ujuzi ambao Link aliusafiria, mtu wa Tabora anao mlangoni pake.

Mifano ya ujuzi huo ni ya kawaida kabisa, na kwa hiyo haimo vitabuni. Tabora iko nyuzi tano kusini ya ikweta, na reli kuu kwa jumla inakwenda mashariki na magharibi. Gari linalotoka pwani likifika asubuhi, jua liko nyuma yake. Uso wa injini umo kivulini na mpigaji anapofushwa. Gari litokalo Kigoma wakati huo huo huja likiwa na jua usoni. Jioni mambo hugeuka. Mgeni wa siku moja hupata apatalo, mwenyeji huchagua. Tena, tangu mwezi wa Machi hata mwanzo wa Oktoba jua la mchana liko upande wa kaskazini wa reli, na miezi iliyobaki liko kusini, basi ubavu wa behewa unaong'aa mwezi wa Juni una kivuli mwezi wa Desemba. Mchana wenyewe, jua likiwa utosini, haufai ila kwa atakaye kuonyesha mchana: kivuli cha kofia kimefunika uso wa mtu mzima, na mabati ya paa yanawaka. Mwezi wa Septemba vumbi na moshi wa mioto ya porini hufanya mbingu kuwa nyeupe. Kisha, kabla mvua haijanyesha, miti ya miombo hutoa majani mapya mekundu, na kwa majuma machache reli hupita katika rangi ambayo picha za wageni, waliokuja zaidi wakati wa kiangazi ili barabara zisiwakwamishe, hazina.

Iko pia habari ya usiku. Kwa miaka mingi gari la abiria kutoka Dar es Salaam liligawanywa Tabora: mabehewa mengine ya Mwanza, mengine ya Kigoma, na siku nyingine ya Mpanda kwa njia ya Kaliua. Kugawanywa huko ndiko moyo wa stesheni. Abiria amelala, anashtushwa na mgongano wa behewa, anachungulia dirishani na kuuliza kama yuko katika mkia wa Mwanza au wa Kigoma. Mtu wa taa anatembea katikati ya njia za reli, taa yake ikitajwa na kujibiwa kwa filimbi ya injini. Mama mmoja anahamisha watoto na mizigo kutoka behewa hadi behewa, kwa kuwa ameambiwa maneno mawili yasiyopatana. Hakuna injini nzuri hapo, wala jua nyuma ya bega. Lakini ndivyo njia panda inavyofanya kazi, na ilifanya kazi hivyo zamani za msafara pia, ambapo wapagazi waliagana Unyanyembe, wengine wakaelekea Ujiji na wengine Karagwe. Mpigaji aliye tayari kuushinda usingizi kwa usiku ishirini atapata picha moja ya kugawanywa huko yenye thamani kuliko picha mia za uso na ubavu.

Na kuna saa ambazo gari halipo. Hizi ni nyingi kuliko saa za gari, kwani magari ya abiria hupita siku chache katika juma, na ya mizigo huja yanapokuja. Mpenzi wa reli wa Ulaya huziona saa hizo kuwa ni hasara. Kwa mwenyeji reli isiyokuwa na gari ni njia ya miguu. Watu wa Igalula na Goweko huitumia kwa kuwa imenyooka na haina tope. Wanawake hupita na kuni. Mtu wa baiskeli huisukuma juu ya kokoto kwa subira. Njia ya msafara ilikuwa ya mguu mmoja nyuma ya mwingine, na anayetembea juu ya mataruma hutembea hivyo hivyo, hatua zake zikipimwa na urefu wa taruma hadi taruma. Picha ya watu hao, bila ya gari hata moja, ni picha ya reli kamili. Ni ajabu kwamba katika mkusanyiko mkubwa wa picha za reli hii ni nadra kuikuta.

Pana kizuizi ambacho haifai kukinyamazia. Katika Tanzania, kama katika nchi nyingi jirani, stesheni, madaraja na karakana zimehesabiwa kwa muda mrefu kuwa ni mahali pa kulindwa, na Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inahusu mahali pa namna hiyo. Mtu mwenye kamera huulizwa, na hana budi kuwa na idhini. Chanzo cha hofu hiyo kinafahamika. Reli hii imekwisha kupiganiwa: mwaka 1916 Wajerumani walivunja madaraja walipokuwa wakirudi nyuma, na mwezi wa Septemba mwaka huo majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora. Nchi iliyowahi kutekwa kwa njia ya reli yake haiwezi kulaumiwa kwa kuilinda. Lakini matokeo ya kizuizi hiki ni kinyume cha makusudi yake. Mgeni hupata barua ya ruhusa kwa kuwa ana safari, ana kitabu, ana shirika nyuma yake. Kijana wa mtaani, ambaye hana ila mapenzi, hata wazo la kuomba humpita. Hivyo sheria iliyowekwa dhidi ya jicho la mgeni imelizuia zaidi jicho la mwenyeji. Idhini ya siku moja yamtosha mpitaji. Mwenyeji anahitaji idhini ya mwaka, na itakuwa kheri kwa historia ya reli kama chuo au makumbusho yatajitia katikati na kuwaombea watu wa namna hiyo. Pasipo idhini, daftari latosha: saa, namba, upande, idadi ya mabehewa, hali ya mbingu. Daftari la namna hiyo likiandikwa kwa miaka kumi litakuwa na habari za ukame, za tumbaku, za mafuriko yaliyovunja njia na za mafundi waliokuwa hawana vipuri, hata kama mwandishi wake hakukusudia ila kujifurahisha.

Mwenyeji naye ana makosa yake, wala ukaribu haumfanyi mtu kuwa msanii. Kosa la kwanza ni kuiga. Wengi wanaopiga picha za reli kwa simu siku hizi wameona picha za wapenzi wa mvuke, wakachukua kanuni yao nzima: uso na ubavu, mtu asikatize. Kosa la pili ni kuombolezea mvuke hata kwa mtu ambaye hakuukuta. Dizeli husemwa kuwa haina roho. Neno hilo halina maana; watu wazima wa Tabora wenye miaka arobaini hawakulelewa na mlio mwingine ila wa dizeli, na mama zao walijua kwa mlio huo kama maji yafaa kutekwa sasa au baada ya gari kupita. Kosa la tatu, nalo ndilo baya, ni kuacha kuandika. Simu hubeba picha elfu zisizokuwa na jina. Simu ikianguka kisimani picha zimekwisha.

Haja ya kuyasema haya sasa inatokana na ujenzi. Reli mpya ya kipimo cha kimataifa, ya umeme, ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni, mwaka 2024, na kufika Dodoma mwezi uliofuata. Mkataba wa kuileta Tabora kutoka Makutupora ulitiwa sahihi mwaka 2021, na ule wa Tabora hadi Kigoma mwaka 2022. Reli hiyo imezungushiwa uzio, ina nguzo za umeme kila hatua kadha, na gari lake linapita kwa mwendo ambao mtu hawezi kusoma namba. Mtu hataitembelea kwa miguu. Mpigaji atalazimika kutafuta kanuni nyingine, maana nguzo zitakatiza kila picha, na atakayekazana kuziepuka atarudia kosa la wale waliowaepuka abiria. Reli ya zamani, yenye upana wa mita moja, haitaondoka siku ile ile. Lakini kazi yake itabadilika, na yaliyoelezwa hapo juu, kama kugawanywa kwa mabehewa na njia ya miguu ya Goweko, hayana mlinzi. Njia ya msafara yenyewe imekwisha kuheshimiwa: tangu mwaka 2006 Tanzania imeiweka katika orodha ya mahali inapopendekeza kuwa urithi wa dunia, ikitaja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Reli iliyoirithi njia hiyo haimo.

Basi kipimo cha picha hizi kiwe kipi? Uzuri wa nuru, hapana budi. Nuru mbaya haifichiki. Lakini jambo la kwanza la kutazamwa liwe maandiko ya nyuma. Katika mikusanyiko mingi picha ya stesheni ya Tabora ina maneno mawili tu, jina la mji na neno treni. Mbele pana watu hamsini, mizigo chini, wengine wamekumbatiana. Saa haikutajwa, wala namba ya injini, wala upande ambao gari lilikuwa likielekea, na anayeitazama hawezi kujua kama watu wale wanapokewa au wanaagwa.